Nilishuhudia Nimepona, Kumbe Nameza Tembe kwa Siri

Niko na miaka kumi na tisa, nilimaliza Form Four mwaka jana. Naishi na mama huku Kianda, Kibera. Pumu nimekuwa nayo tangu nasari.

Kanisa letu liko mtaa wa Kongo, Kawangware. Mwezi wa nne waliniombea, kifua kikafunguka! Nikashika maikrofoni nikashuhudia nimepona. Mama akatupa tembe zangu kwa choo.

Wiki mbili tu, kifua kikarudi... Ningemwambia nani? Ushuhuda ukishautoa, unaurudisha aje?

Nikaanza kununua tembe kwa kioski, zimefungwa kwa gazeti. Nilikuwa nazimeza mama akitoka tu. Jumapili moja asubuhi kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mimi ndio naongoza kwaya. Mama alikuwa ameenda kuoga bafu ya ploti. Nikameza mbili. Hakuna kitu! Nikasikia ndara zake zinarudi... nikameza sita zingine mara moja.

Kanisani, wimbo wa pili haukuisha. Mikono ilianza kutetemeka, moyo ukakimbia mpaka blauzi ikawa inaruka! Nikatapika mbele ya madhabahu. Watu wakasema ni pepo, wakakemea. Mimi nilijua si pepo.

Shangazi, yule anauza mitumba hapo steji ya 56, hakungoja amina. Yeye na mama wakanibeba mpaka kliniki. Sister, muuguzi wa hapo, akasikiza kifua, akajaza sindano, akauliza kama kuna dawa nimemeza.

"Huyu hamezi dawa, sister. Alipona," mama akasema.

Sindano ikakaribia mkono... na mimi bado naogopa aibu! Halafu moyo ukakosa pigo moja. Nikaona nakufa.

"Nimemeza nane. Za pumu. Leo asubuhi."

Sister akarudisha mkono. Akasema iliyo kwa sindano ni dawa ya aina ile ile, ingeweza kusimamisha moyo. Wakanikimbiza hospitali kubwa. Njiani nilishikwa na degedege, hiyo sikumbuki. Siku nne wodini!

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nyathina, mtoto wangu, ungekufa ndio nisijue?"

Wasomaji wenzangu, ombeni, hata mimi bado naomba. Lakini usijipimie dawa, na kama umezidisha, sema saa hiyo hiyo! Mimi niliulizwa mara moja tu... na mtu mwingine akanijibia.