Draiva ya Sauti ya Marehemu

Kompyuta haikuitambua kadi ya sauti, lakini spika zilikuwa zinapumua. Shangazi alizisikia tangu asubuhi.

"Shangazi, spika hazipumui. Huo ni umeme," alisema mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta aliyejipa mwenyewe jina la Mjuaji.

"Umeme unanuka udongo wa kaburi, baba?"

Mjuaji akachekea puani. Ni yeye aliyemfutia shangazi mfumo wake wa zamani wa kompyuta akamwekea mfumo huria, "wa watu wenye akili", na tangu hapo mashine ikawa bubu. Ndani yake kulikuwa na dakika mbili za sauti ya marehemu mumewe, na mama wa watu hakutaka kingine duniani. Lakini kichwa kile kilichojaa majivuno kingeyajulia wapi hayo?

Akaipata draiva, programu ya kuiamsha kadi ya sauti, huko mtandaoni, isiyo na jina la aliyeitengeneza, akaanza kuisakinisha. Kila swali lililotokea alilijibu ndiyo bila kulitazama. Kusoma maelezo, kwake, ilikuwa kazi ya wajinga.

"Soma kwanza, mwanangu," shangazi akanong'ona. "Pameandikwa kitu hapo."

"Niache na kazi yangu."

Ndiyo. Ndiyo. Harufu ikazidi, pumzi za spika zikawa nzito, zikapanda na kushuka sawasawa na kifua cha Mjuaji mwenyewe hata akijaribu kukibana, na mara ndani ya zile pumzi ikatoka sauti ya mzee, pole, ya kitandani: "Mke wangu, umekula?"

Shangazi akaangua kilio. Mjuaji akageuka ajisifu, akafungua mdomo. Kimya. Akajaribu kupiga yowe, shingo ikamvimba mishipa, hakikutoka hata kikohozi.

Kwenye skrini palikuwa na maneno: *Sauti moja imetoka, moja imeingia. Niondoke? Kila sauti itarudi ilikotoka. Ajibu mwenye mashine.*

Mjuaji akabonyeza ndiyo mara ishirini. Jini lililokuwa ndani ya draiva halikumsikiliza. Akapiga magoti, yeye aliyewaita watu wote mbumbumbu, akimwonyesha shangazi kitufe kwa kidole.

"Ngoja, baba. Nisome kwanza."

Akavaa miwani. Akasoma taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho, kisha akarudia. Spika zikauliza tena kama amekula.

Shangazi akabonyeza hapana, akavuta kiti karibu.