Tokeni ya Reli Ndogo ya Kisaju

TANGAZO KWA UMMA. Inatangazwa kwa masikitiko makuu kwamba leo Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, mhalifu asiyejulikana ameiba tokeni ya Reli Ndogo ya Kisaju, kipande cha shaba kirefu kama kidole, kutoka sandukuni mwake. Mpelelezi Mkuu ameshika usukani. Asitoke mtu. Amri.

Mpelelezi Mkuu alikuwa Waruguru, miaka kumi na sita, kidato cha tatu, aliyefunga shule ya bweni Alhamisi. Tangazo aliliandika kwenye karatasi ya daftari na kulibandika kwa ugali mlangoni mwa banda. Msomaji wa kwanza alikuwa mbuzi wa jirani, ambaye alisoma neno "Amri" na kulimeza.

Banda lilikuwa la wazee sita, wastaafu wa reli na wa kiwanda cha simiti. Kwa miaka miwili walikuwa wameunda injini ya mvuke yenye kimo cha mbuzi huyo huyo, na kutandika reli ya mita mia tatu kuzunguka ploti ya Mzee Musila. Leo saa nne watoto arobaini wa Sunday school kutoka Kitengela wangepanda kwa mara ya kwanza.

Sasa, wazee hawa walikuwa na desturi moja. Kwenye reli kubwa ya njia moja, dereva haondoki stesheni mpaka akabidhiwe tokeni, ndipo ajue hakuna treni nyingine mbele yake. Kisaju kulikuwa na injini moja tu na dereva mmoja tu, Musila, lakini haikusogea hata inchi bila tokeni. Mzee Ngigi, babu yake Waruguru, aliyewahi kuwa stesheni masta, kila safari alifungua sanduku, akamkabidhi Musila, wakapigiana saluti. Waruguru aliposimuliwa habari hiyo alicheka mpaka akakalia ndoo. Kuiona kwa macho hakuwahi, maana tangu afike injini ilikuwa ikipakwa rangi.

Saa mbili kamili Ngigi alitoa ufunguo kwenye msumari ambao kila mtu aliujua, akafungua, akakuta sanduku tupu. Munguti, mdogo wa wale wazee sita, alisema si waende tu, moto umeshika. Wenzake walimtazama kama mtu aliyetukana kanisani.

Basi Munguti akawa mshukiwa wa kwanza. Saa mbili na nusu Mpelelezi alimkalisha juu ya gunia la makaa, akamkumbusha kwamba aliwahi kuomba kuendesha injini akanyimwa.

"Ni kweli, nilinyimwa," alisema Munguti. "Lakini asubuhi yote nilikuwa kisimani na mkokoteni, uliza mwenye kisima. Halafu niibe nini? Kijiti cha kuni?"

Waruguru aliandika: *Anadharau ushahidi.* Akaondoka akichechemea kidogo. Alisema kiatu kinambana.

Mshukiwa wa pili alikuwa Naisenya, mwenye mbuzi, aliyewahi kuapa kwamba king'ora cha injini kitamharibia mimba za mbuzi wote.

"Supa, Naisenya," Waruguru alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Na usiniulize juu ya kitu yenu. Mimi nilikuwa nakamua. Lakini saa moja niliona Musila akifungua hiyo sanduku, akaingiza mkono, akaangalia nyuma kama mwizi. Andika hiyo."

Waruguru aliiandika kwa herufi kubwa. Musila alipoulizwa hakukana. Alisema tu atajibu saa nne, mbele ya watu, na akaendelea kupaka oili magurudumu. Mshukiwa mzuri kama huyo haanguki kila siku kutoka mbinguni, na Mpelelezi alitembea akipiga mluzi mpaka nyuma ya banda, ambako alimkuta babu yake amekaa peke yake juu ya tofali.

"Usimsumbue Musila," alisema Ngigi. "Nafikiri ni mimi. Nimeiweka mahali nikasahau."

"Guka, huwezi kusahau tokeni."

"Mwezi jana nilisahau sufuria kwa moto. Shangazi yako Mumbi akaniambia nikisahau tena nitahamia kwake Rombo, mbali kule mpakani, huko hakuna mambo ya moto na mitambo. Amefika sasa hivi, amepewa lifti na basi la watoto wa kanisa. Nimemwambia nitaenda naye kesho." Alimpa mjukuu wake ufunguo wa sanduku. "Mpe Munguti. Yeye akili yake bado ni nzima."

Mluzi uliisha. Waruguru alihisi mguu wa kulia umekuwa mzito kuliko kiatu chochote. Alifungua mdomo, ukatoka upuuzi kwamba pengine itapatikana, tena upesi, pengine chini ya majani hapo karibu na sanduku, acha akaangalie. Alikuwa tayari amepiga magoti kwenye majani, mkono kwenye soksi, Musila alipopiga king'ora. Ilikuwa saa nne.

Watoto walijipanga kando ya reli. Mumbi alisimama nyuma yao, amekunja mikono. Musila alitoa mfukoni kijiti cha mti kilichong'aa kwa kushikwashikwa.

"Hii ndiyo tokeni mnayoijua," alisema. "Ngigi ameishika miaka miwili. Saa moja leo niliitoa sandukuni, nikaweka mpya, niliyoichonga kwa mashine yangu usiku tatu. Ilikuwa zawadi yake. Sikuambia mtu, hata mke wangu. Kwa hivyo kila mtu hapa anatafuta kijiti. Munguti anatafuta kijiti. Ngigi mwenyewe anatafuta kijiti." Aligeukia mlango wa banda. "Waruguru, wewe umesoma kutuzidi. Tusomee tangazo lako. Hiyo mpya nimeichonga na nini?"

Hakulisoma; neno "shaba" lilikuwa pale pale mlangoni, kwa mwandiko wake. 

Waruguru aliinama, akateremsha soksi ndefu ya shule, akaitoa shaba ikiwa na joto la mguu wake. Ngigi aliipokea. Kulikuwa na maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni, STESHENI MASTA NGIGI, ambayo mwizi, kwa haraka zake, hakuwa ameyasoma.

"Kwa nini?" aliuliza Mumbi, akija mbele.

Alikuwa na majibu mengi mazuri, ya aina ile iliyomwokoa mara tatu mbele ya naibu wa mwalimu mkuu. Aliyaacha yote. Alisema kwamba alisikia wazee wanapigiana saluti kwa kitu cha kuchezea akataka kuwacheka. Kwamba alipanga kuificha, kisha aigundue mwenyewe saa nne, mbele ya watoto arobaini, wampigie makofi. Alisema yote hayo akimtazama shangazi. Kisha ikabaki ile sehemu ya kumwambia babu yake, na alipogeuka sauti ilimpungua, ikabidi aanze upya ili wa nyuma nao wasikie.

"Guka, hukusahau kitu. Uliikuta tupu kwa sababu mimi niliiba. Na pale nyuma ya banda ulipokuwa ukijilaumu, nilikuwa nayo kwenye soksi, na nikanyamaza."