Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Kila siku alasiri, akishaosha vyombo, Riyama alitia madaftari mkobani akaenda tuisheni kwa Mwalimu Suhail, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, Mji Mkongwe. Wanafunzi thelathini walibanana katika chumba kimoja. Madirisha yalipigiliwa misumari ili kelele za vespa zisiingie.

Mwezi ule umeme ulikatika mara kwa mara, na mwenye duka la chini akawa anawasha jenereta ukumbini, chini ya ngazi. Kila ilipowashwa, darasa lilisinzia. Mwalimu aliona ni uvivu, na bakora yake haikupumzika.

Jumatano, jenereta ikinguruma chini, zamu ilimwangukia Junaid, aliyekaa karibu na Riyama. Bakora ya kwanza ilimshukia mgongoni, ya pili shingoni, damu ikachuruzika.

"Kichwa kinaniuma, Mwalimu," alisema.

"Jana kilikuuma, juzi kilikuuma. Dawa yake mimi nnaijua."

Ya tatu ilipoinuka, Junaid aliidaka na kumsukuma Mwalimu. Waliangukia benchi, likavunjika. Mwalimu aliinuka akamzaba kofi. Junaid hakulirudisha. Alitapika, miguu ikamlegea, akaanguka na kugonga kichwa sakafuni.

Riyama naye alikuwa na kizunguzungu. Alimtazama Mize, mdogo kuliko wote darasani: amelala mdomo wazi, kishindo chote kile hakikumwamsha. Hapo akafahamu kuwa huu si usingizi, ni moshi wa jenereta. Aliokota mguu wa benchi akaupiga dirishani kwa nguvu zake zote.

"Unavunja nyumba ya watu?" Mwalimu alimkamata mtandio akamvuta nyuma. Riyama alimuuma mkono mpaka akamwachia, akapiga tena. Ubao ulipasuka, ukamchana kiganja, na upepo ukaingia.

"Zimeni jenereta," aliwapigia kelele watu wa chini. "Tunakufa huku."

Mwalimu alimwinulia bakora, lakini magoti yalimwisha nguvu, akakaa kitako. Vijana waliokuwa barazani walizima jenereta, wakapanda mbio na kuwabeba wote hadi nje.

Hospitali, Junaid na Mize walitiwa oksijeni. Walizinduka kabla ya magharibi. Daktari, Bi Mashavu, alimshona Riyama kiganja huku akisema na Mwalimu pamoja na mwenye duka.

"Moshi wa jenereta una sumu isiyoonekana wala kunuka. Nyumba ikifungwa, sumu hiyo humuumiza mtu kichwa, humsinziza, mwisho humuua. Watoto hawa wamekuambieni kila siku."

Kesho yake Mwalimu Suhail aling'oa misumari yote kwa mkono wake. Jenereta ilitolewa nje kabisa. Alikwenda kwa kina Junaid akamwomba radhi mbele ya mama yake, kisha siku darasa liliporudi alisimama bila ya bakora.

"Nimekupigeni kwa usingizi niliokupeni mwenyewe," alisema. "Hewa safi ni haki ya mwanafunzi kama kitabu. Anayeumwa aseme, na anayeambiwa asikilize. Kuanzia leo, mtoto akihisi kichwa kizito afungue dirisha kwanza. Ruhusa ataniomba baadaye."