Maji Aliyotaka Nimbatize Nayo Nilimpa Anywe

Nina miaka arobaini na minne, mke na watoto watano, na kila Jumapili watu huniita mwalimu. Laiti wangejua! Leo nasema yote. Mkitaka kunitemea mate, nitemeeni, nimestahili.

Yalinipata hapa Pemba, upande wa Mgogoni, kabla ya vita hivi vya Wazungu vilivyokwisha juzi. Nilikuwa msimamizi wa wachuma karafuu katika shamba la misheni. Mama yangu, Bi Mauwa, aliletwa kisiwani kutoka bara akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akapewa jina jipya. La kwanza alilisahau kabisa. Miaka nenda miaka rudi nilimhubiria habari za Bwana, naye akinijibu kwamba mabwana aliokwisha kuwa nao wanamtosha.

Mwaka ule akaugua kifua. Asubuhi moja aliniita kitandani, uso umemchangamka, akasema ameitwa. Nikamwuliza na nani.

"Na huyo huyo Bwana wako wa kila siku! Kaniita mie kwa jina langu, lile la bara. Hebu nitie maji, mwanangu."

Nilifurahi... lakini si kwa ajili yake! Misheni ilikuwa ikitafuta mwalimu wa dini, na kazi ile ilikuwa na nyumba ya mabati. Padre wa kumbatiza angekuja kutoka Unguja baada ya wiki tatu. Nikaona mambo yote mbele yangu: mama amevaa nguo nyeupe, kanisa limejaa, Padre ananipa mkono. Nani angenyimwa kazi baada ya hapo? Nikamwambia mama angoje, nikapeleka kitambaa kwa fundi.

Siku zikapita, kifua kikazidi. Asubuhi nyingine akaniomba tena, sauti ikitoka kwa shida.

"Nguo n'taivalia wapi? Mie n'taka maji. Ngojangoja yaumiza tumbo."

Nanyi mjue, sikuwa mjinga. Darasani tulifundishwa kwamba mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, hata kwa maji ya kunywa. Somo lile nililisema kwa moyo nikasifiwa! Mtungi ulikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Nikachota kata moja, nikamwinua kichwa... nikamnywesha. Nikamfuta kidevu, nikaenda zangu shambani, karafuu zisije zikachanua mtini zikapoteza bei.

Kabla ya adhuhuri wakaja kuniita. Nilikuwa nikigombana na wachumaji juu ya matawi waliyovunja. Mama amekwisha kufa, peke yake!

Mzee wa kanisa akafungua kitabu, jina halimo. Makaburi ya misheni ni ya waliobatizwa. Nikamkimbilia jirani yetu Mzee Faki, Mwislamu, ambaye nyumbani kwake mama alikula Idi zote. Alilia kuliko mimi.

"Mie n'ngemzika makaburini kwetu kwa mikono yangu," alisema. "Lakini Bi Mauwa katwambia mwenyewe, juzi tu, keshaitika huko kwenu. Vipi n'mvunjie neno lake, naye maiti?"

Hata hivyo alileta sanda na jembe. Tulichimba wawili, mpakani mwa shamba, pale tulipozoea kumwaga taka za karafuu. Hapakuwa na kengele wala dua. Nguo nyeupe fundi aliileta kaburi limekwisha fukiwa.

Padre alipofika alinikabidhi barua kwa furaha. Nimechaguliwa kuwa mwalimu! Iliandikwa Unguja kabla mama hajaugua. Hakuna aliyetaka kumwona mama yangu kanisani, ila mimi!

Nikamwungamia. Hakunikaripia. Alisema Mungu hakosi maji, nisimhofie mama.

"Yeye aliitwa akaitika siku ile ile," akaniambia. "Wewe nawe uliitwa, kwa kinywa chake."

Kazi nikaichukua. Ndiyo, nikaichukua! Naishi katika nyumba ile ya mabati, na nguo ile imo sandukuni, haiguswi na mtu.

Wasomaji wenzangu, Mungu akiwaita, itikeni papo hapo. Msingoje nguo, msingoje watu wa kuwatazama. Mwaka jana nilichonga msalaba nikauchomeka pale mpakani. Nikashika kisu niandike jina lake, lile aliloitwa nalo... na sikuwahi kumwuliza ni lipi. Msalaba umesimama hivyo hivyo, mtupu.