Mwano wa Yasmin

Kila Jumamosi asubuhi Yasmin alikuwa na kazi zake zilezile: kuosha vyombo, kufagia kibaraza cha duka la ushonaji la baba yake pale mjini, mtaa wa Mirongo, kisha kujibanza nyuma ya cherehani na simu ya baba, akijirekodi video. Alikuwa darasa la saba, na kwa video, jamani, hakuwa na mpinzani.

Jumamosi hii kazi zilisimama. Baba yake, Bashiru, alimpeleka kutembelea kijiji kimoja cha mlimani, mbele ya Kisesa, ambako familia ya Kisukuma imetunza nyumba za msonge na mambo ya zamani kwa ajili ya wageni.

"Leo na sisi ni watalii," Bashiru alisema akicheka. "Kwani utalii ni wa Wazungu peke yao?"

Mwenyeji wao alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito, jina lake Paskazia.

"Shikamoo, mama," Yasmin alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni sana."

Paskazia aliwaonyesha vinu, vibuyu na ngoma kubwa. Kisha akawaeleza habari za mwano, yaani yowe la hatari. Mtu akivamiwa au akiibiwa ng'ombe, hupiga yowe refu la kupanda na kushuka, na kila mwanamume anayelisikia huacha jembe, hushika fimbo, akakimbilia linakotoka.

"Tupigie kidogo tusikie," Yasmin akaomba, simu mkononi.

"Thubutu! Huo haupigwi kwa mchezo." Paskazia akawaonyesha kwa kunong'ona tu.

Yasmin hakuridhika. Video ya kunong'ona nani ataitazama? Wakubwa walipoingia ndani ya msonge kula matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, yeye alizunguka nyuma ya mawe makubwa. Akainua simu, akavuta pumzi, akapiga mwano. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, huku ametoa macho.

Lahaula! Hata hajashusha simu, mwano ukajibiwa bondeni, na mlima wa pili nao ukajibu. Wanaume wakachomoka kwenye mashamba ya pamba na mazizini, fimbo na marungu mikononi. Mbele yao alikuwa Ngosha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Ni wewe uliyepiga? Nani amekuvamia? Amekimbilia wapi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ukweli. Lakini Yasmin aliyaona yale macho yaliyomtoka Ngosha, akaona aibu, akaogopa kuchapwa. Akanyoosha kidole vichakani, popote tu.

"Kule."

Na kulekule, kwa bahati mbaya, akatokea kijana wasiyemjua, anakuja mbio na fimbo yake mkononi.

"Huyo!" wanaume wakapaza sauti.

Hakupewa nafasi ya kufungua mdomo. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili likamwangusha. Fimbo zikamshukia kama za watu wanaopura mtama. Alijikunja, akakinga kichwa kwa mkono, na mkono huo ukavunjika; Yasmin aliusikia ukivunjika. Damu ikamtoka sikioni. "Ndugu zangu, mimi..." Teke likamnyamazisha. Mtu mmoja akaokota jiwe, akaliinua juu kwa mikono miwili.

Yule kijana alikuwa anamtazama Yasmin.

"Nimedanganya!" Yasmin akapiga kelele. Hakuna aliyemsikia. Akapenya katikati ya miguu yao, akajitupa juu ya kijana. Fimbo ikamchapa mgongoni, ikachana gauni na ngozi. "Nimedanganya! Hakuna mwizi! Nilikuwa najirekodi tu!"

Mwenye jiwe akalishusha polepole. Bashiru na Paskazia walifika wakihema, wakamkuta Yasmin mikono yake imejaa damu isiyo yake.

Paskazia alivua kanga yake ya begani, akaufunga ule mkono kwa vijiti. Yasmin akapiga magoti.

"Nisamehe, kaka. Nisamehe."

"Naitwa Machibya," kijana alisema kwa shida. "Nachunga ng'ombe ng'ambo ya mlima. Nilisikia mwano, nikasikia ni sauti ya mtoto. Nikaacha ng'ombe nije kukuokoa."

Ngosha alikaa chini palepale, akashika kichwa. "Na sisi hatukumuuliza hata jina," alisema.

Waliompiga ndio waliombeba kwa machela hadi zahanati. Mganga alisema atapona, ila mkono utachukua muda mrefu. Ngosha hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji kueleza waliyoyafanya.

Nje ya zahanati, chini ya dirisha la chumba alimolazwa Machibya, Paskazia alimshika Yasmin mabega.

"Mwanangu, ukweli wako umemwokoa, lakini ulichelewa. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama unatetemeka, hata kama utachapwa. Huku kwetu mtu akiita, watu huja kwa sababu wanamwamini. Uongo wako umewachukua watu wema, wakakaribia kuua. Wana kosa lao, wamepiga kabla ya kuuliza, nao watalijibu. Lakini kidole kilikuwa chako."

Yasmin alilia, hakujitetea.

"Sasa niambie. Kesho mtoto mwingine akivamiwa kweli, akapiga mwano, nani atakimbia?"



"Nitakimbia mimi," Machibya alisema kutoka dirishani.