Jicho la Ngariba

Miaka ile ya hamsini, jando la Chwaka lilikuwa na heshima yake. Nyumba ilipakwa chokaa, ngoma zikawambwa upya, na ngariba akapokewa kama kadhi. Ngariba wetu alikuwa Mzee Makungu. Wanaume wa kijiji takriban wote walipita mkononi mwake.

Silima naye alitaka mwanawe, Mcha, atahiriwe na mzee huyo. Mkewe, Mwanakheir, alikataa.

"Mwaka jana mtoto wa jirani alitoka damu siku mbili," alisema. "Na juzi nlimwona mzee anamimina chai nje ya kikombe."

"Kantahiri mimi, kamtahiri na marehemu kaka yangu!"

"Wakati huo alikuwa anaona. Unataka mwanao atahiriwe na sifa?"

Silima alivaa kofia yake. Wakaenda kwa Himid, dresa aliyefunga vidonda zahanati.

"Uzee si kosa," Himid aliwaambia. "Kosa ni kutopima. Anayekata mwili wa mtu, macho yake na mikono yake ikaguliwe kila mwaka. Hata mimi hukaguliwa mjini."

Alasiri wakamfuata mzee nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona wengi hivi? Mmekuja kunizika?"

"Bado, Mzee," Himid alicheka. Akatoa mabilingani mawili, akayachora mstari wa chaki. "Tukate ganda juu ya mstari, nyama ya ndani isiguswe. Naanza mimi."

Alikata, kisha akampa mzee kisu. Mkono wa Makungu haukutetemeka hata kidogo, lakini kisu kilipita kando ya mstari, kikazama. Mzee alilipapasa bilingani kwa kidole.

"Mkono mzima," alisema. "Jicho ndilo lililoondoka, wala halikuniaga."

Siku ile ile alimleta Mjaka, mpwa wake aliyemfundisha kazi. Mjaka akapimwa, akafuzu. Ndiye aliyemtahiri Mcha, kwa kisu kilichochemshwa, Himid akisimamia. Mzee Makungu alimpakata mtoto, akamwimbia nyimbo za jando ambazo siku hizi hazisikiki tena. Kidonda kilikauka vizuri, na Mwanakheir akapika pilau.

Msimu uliofuata, mzee alimwita mpwa wake.

"Naam, Mjomba!"

"Nenda zahanati ukapimwe."

"Nshapimwa mwaka jana, Mjomba."

"Hayo yalikuwa macho ya mwaka jana. Nenda."