Munkoyo Katika Ndoo ya Bati

Anayesikia la mkuu huvunjika guu. Msinicheke, sijakosea. Nililiona hilo kwa macho yangu hapa Kalemie, kwenye matanga ya babu.

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji kwa ndoo mbili kuukuu za bati, zilizoota ndani kutu nyeupe kama chokaa. Tulikunywa maji yake miaka na miaka, tusiumwe hata tumbo. Wiki ile ya matanga, mama mdogo, Mama Odile, alipika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akauacha uchachuke katika vyungu. Papa Basile, kaka mkubwa wa baba, aliyetaka kuitwa "citoyen", yaani mwananchi, hata nyumbani, alivitazama vyungu akakunja uso.

"Wageni wa heshima wanatoka Moba, nanyi mnawawekea vyungu vya shamba? Mimina katika ndoo!"

"Papa, munkoyo hukaa chunguni," Mama Odile alisema.

"Wewe njo unanifundisha?"

Mama Odile akamimina katika zile ndoo zangu mbili. Munkoyo ukalala ndooni usiku kucha.

Kesho yake, baada ya misa, wageni walikunywa. Watoto walianza kutapika, kisha wakubwa. Mdogo wangu Cyprien alijikunja mkekani, akitapika hata tumbo likiwa tupu. Neno moja likazunguka uani: karuho. Sumu.

"Nani alipika?" Papa Basile alifoka.

"Odile!" mwanamke mmoja akadakia. "Hana mutoto, anatuonea wivu sisi wenye watoto!"

Jiwe la kwanza lilimpata Mama Odile juu ya jicho. Alianguka akishika uso, damu ikipita kati ya vidole. Vijana wakainama kuokota mengine.

Mimi nilikuwa nimekunywa munkoyo uleule jikoni, mabaki ya chunguni, na nilikuwa mzima. Nilikimbilia ndoo nikachungulia. Ukingoni, ambako munkoyo haukufika, kutu nyeupe ilikuwepo. Pale ulipokuwa umefika kabla ya kunywewa, bati lilikuwa tupu, limeng'aa. Kutu ilikwenda wapi? Matumboni mwao!

Nikazipiga ndoo zote mbili teke. Munkoyo ukatapakaa miguuni mwa wageni.

"Mwendawazimu!" mtu alipiga kelele.

"Tazameni kwanza!" Nilikwangua kutu ukingoni, nikaitia katika vikombe viwili vya kioo: kimoja cha maji, kingine cha maji ya ndimu, machachu kama munkoyo. Ndani ya maji ilizama ikatulia. Ndani ya ndimu ilitoa mapovu, ikapungua, ikatoweka. Mikono iliyoshika mawe ikashuka.

Papa Germain, muuguzi wa dispensari, alifika na kuwahudumia wagonjwa. Kisha akaviinua vile vikombe mbele ya wote.

"Mtoto amewaonyesha kweli. Bati hili limepakwa zinki, na kutu hii ni chumvi yake, si ya kula. Maji matupu hayaiyeyushi, ndiyo maana hamkuumwa. Lakini kitu kichachu kina asidi, nayo huiyeyusha, mkaimeza bila kuiona. Kichachu kiwekeni katika chungu au kioo. Na siku nyingine mkiugua, chunguzeni chombo kabla ya kumshika mtu. Cyprien atapona. Jicho la huyu mama, sina hakika."

Waliokuwa wameshika mawe walitazama chini. Papa Basile hakumtazama Mama Odile hata mara moja. Alinigeukia mimi.

"Noëlla. Umemwaga kinywaji cha marehemu mbele ya wageni. Umenivua nguo. Piga magoti, uombe radhi."

Mama alininong'oneza, "Omba tu, mwanangu, yaishe."

Nilikuwa nimeshika kitambaa juu ya jicho la Mama Odile, nacho kilikuwa kimelowa tena.

"Siombi, Papa."

"Unasemaje?"

"Siombi radhi. Leo siombi, na kesho sitaomba."